Usiongeze watu kabla hujajua nani anamsubiri nani

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mhandisi wa programu katika benki moja hapa Dar es Salaam. Tangu Januari nimepandishwa kuwa mkuu wa kitengo chenye wahandisi 70 waliogawanywa katika timu sita: huduma za simu, mawakala, mikopo, kanzidata (hifadhi ya taarifa), majaribio na uendeshaji. Tunabadilisha mfumo wa huduma za simu na mawakala, na tumechelewa miezi minane. Bodi imeamua wateja wote wahamie mfumo mpya kwa wikiendi moja, mwishoni mwa Septemba, na imekubali kunipa wahandisi wengine 20 kupitia mkandarasi. Kila mtu ananiambia nishukuru. Vijana wangu wanatoka ofisini usiku, ripoti za kila wiki ni za kijani tupu, yaani kila kitu kiko sawa, lakini kazi haiishi. Je, ipo misingi ya kuongoza uhandisi wa programu kwenye taasisi kubwa, au kila mtu anabahatisha?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Misingi ipo, na mingi imekuzidi umri. Ukiisoma inaeleweka haraka. Kazi ni kuisimamia mbele ya watu waliokwisha kuamua. Nitafuata yale uliyoyaandika mwenyewe, nikianza na hao 20, maana hao wako njiani.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa ikitengeneza programu endeshi ya kompyuta zake za System/360. Kazi ikachelewa, wakaongeza watu, ikachelewa zaidi. Fred Brooks, aliyeisimamia, alikaa akaitafakari, na mwaka 1975 akaandika jambo ambalo mpaka leo linaitwa sheria ya Brooks: ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, unaichelewesha zaidi. Sababu hazina uchawi. Mgeni lazima afundishwe, na wanaoweza kumfundisha ni walewale watatu au wanne ambao tayari hawalali. Halafu kuna mazungumzo. Watu sita wana njia 15 za kuzungumza wawili wawili. Watu 70 wana njia 2,415. Ongeza 20, njia zinafika 4,005. Yaani watu wameongezeka kwa chini ya theluthi moja, njia zimeongezeka kwa karibu theluthi mbili. Ni kweli kwamba kwenye ofisi yako si kila mtu anazungumza na kila mtu, na hapo ndipo inapoanza kazi ya mkuu wa kitengo: kuamua njia zipi ziwepo na zipi zisiwepo.

Kuna waliofanya kinyume wakafanikiwa. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliutupa mwaka 2005 mfumo wa majalada ya kesi uliokwisha kula dola milioni 170 bila kutumika hata siku moja. Likaanza mwingine, Sentinel, kwa mkandarasi mkubwa, nao ukakwama. Mwaka 2010 FBI ikaichukua kazi mikononi mwake, ikapanga kupunguza watu wa mkandarasi kutoka kama 220 hadi 40, na ikaanza kutoa mfumo vipande vipande, kila wiki chache kipande kinachoonekana kikifanya kazi. Hawakumaliza kwa tarehe waliyoahidi, tusidanganyane, lakini Julai 2012 mfumo ulikuwa ukitumika. Sisemi ufukuze watu. Nasema kwamba miezi michache kabla ya tarehe, idadi ya watu ndiyo kamba dhaifu kuliko zote unazoweza kuvuta.

Kama bodi haitaki kurudi nyuma kwenye hao 20, wapokee wachache, na uwape kazi inayojitegemea, ambayo haitawalazimisha kumuuliza mtu wako maswali kila saa. Katika mradi wako ipo: kutengeneza programu ya kuiga miamala ya mawakala, ili mfumo mpya uweze kupigwa mzigo wa siku ya mshahara kabla siku yenyewe haijafika. Hiyo ni kazi safi, ina mwanzo na mwisho, na nitaonyesha chini kwa nini utaihitaji.

Sasa turudi kwenye majina ya timu zako. Tatu zimeitwa kwa huduma: simu, mawakala, mikopo. Tatu zimeitwa kwa ufundi: kanzidata, majaribio, uendeshaji. Chukua badiliko dogo tu, kwa mfano kupandisha kiwango cha juu cha pesa ambacho wakala anaweza kumpa mteja kwa siku. Timu ya mawakala inaandika msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa siku mbili. Kisha inaomba timu ya kanzidata iongeze safu moja kwenye jedwali, na ombi linapanga foleni. Likitoka huko linapanga foleni kwa watu wa majaribio, ambao wiki hiyo wako na mikopo. Likitoka huko linasubiri watu wa uendeshaji, ambao mwisho wa mwezi hawapandishi toleo jipya kwenye mfumo unaotumika. Kila timu kati ya hizo, ukiitembelea, utakuta watu wameinama wanafanya kazi kwa bidii. Hakuna mvivu hata mmoja, na badiliko la siku tatu limekaa wiki sita.

Ndiyo maana sitaki uamini kwamba tatizo lako ni uchache wa mikono. Fanya hivi wiki hii: chukua kazi kumi za mwisho zilizowafikia wateja, na kwa kila moja andika siku ngapi ilikuwa mikononi mwa mtu na siku ngapi ilikuwa kwenye foleni. Usimpe msaidizi, fanya mwenyewe. Katika taasisi kubwa nilizozipitia, muda wa kusubiri umekuwa ukiumeza muda wa kazi, na mara nyingi wakuu wanashangaa kwa sababu ripoti zao zinapima mikono tu.

Mmarekani mmoja, Melvin Conway, aliliandika hili mwaka 1968: taasisi inayobuni mfumo itatoa mfumo wenye umbo la njia zake za mawasiliano. Wenye timu sita zisizoelewana watazaa mfumo wa vipande sita visivyoelewana, hata kama mchoro wa ukutani ni mzuri kiasi gani. Kwa hiyo anayepanga timu ndiye msanifu wa kwanza wa mfumo, ajue asijue. Wewe unadhani umepandishwa ukaacha usanifu. Kumbe umepewa usanifu wa sehemu ngumu zaidi.

Amazon walilishughulikia mapema miaka ya 2000 kwa kanuni iliyopata umaarufu, kwamba timu isizidi watu wanaoshibishwa na piza mbili. Kwetu tungesema sinia mbili za pilau, mradi wasiwe watu wa pwani wenye njaa. Watu hukumbuka chakula wakasahau kiini: timu hiyo ndogo inaimiliki huduma yake kuanzia kuandika hadi kuiendesha usiku, na timu nyingine haziruhusiwi kuingia kwenye kanzidata yake kwa mlango wa nyuma, zinapita kwenye kiunganishi, yaani mlango rasmi wa programu kuzungumza na nyingine, kilichotangazwa na kuandikwa. Ukubwa mdogo bila umiliki haukusaidii kitu.

Kwako ina maana gani? Watawanye watu wa majaribio na wa kanzidata ndani ya timu za huduma. Timu ya mawakala iwe na mtu wake wa kanzidata na wajaribu wake wawili, wanaokaa meza moja na kuwajibika kwa lengo moja. Bakiza timu moja ndogo ya jukwaa la pamoja, yaani seva, usalama, nakala za akiba na njia ya kupandishia matoleo, na kazi yake iwe kuwafanya wengine wasihitaji kuomba. Utalipia gharama: watu wa kanzidata watalalamika kwamba viwango vya ufundi vinashuka wakitengana, na hawakosei. Waache wakutane mara moja kwa wiki kama mafundi wa fani moja. Ila mkuu wa kazi zao za kila siku awe mkuu wa huduma. Na usifanye haya yote leo, katikati ya uhamaji. Anza na timu ya mawakala peke yake.

Utakutana pia na washauri watakaokuletea mfumo wa kupanga timu wa Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, ule ulioelezwa mwaka 2012, wenye majina yake ya kupendeza ya vikundi na koo. Sina ugomvi na majina. Nimeona taasisi ikibadilisha vyeo vya watu wote ndani ya mwezi mmoja, na foleni ya kanzidata ikabaki palepale.

Ripoti zako za kijani ndizo zinazonitisha zaidi ya kuchelewa. Kazi iliyochelewa miezi minane haiwezi kuwa ya kijani. Najua inavyotokea, na wewe unajua. Mhandisi anasema, "Sijui kama hii itabeba mzigo." Kiongozi wa timu anaandika, "Kuna changamoto ndogo ya uwezo wa seva." Meneja anaandika, "Inashughulikiwa." Ikifika kwako ni kijani, ikifika kwa bodi ni kijani kilichokolea. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameyanyoosha maneno kidogo tu, kama anayepiga pasi nguo. Matokeo yake, anayejua hana mamlaka, na mwenye mamlaka hajui. Nikiambiwa nitaje jambo moja linalotofautisha taasisi kubwa zinazoweza programu na zisizoweza, nitataja urefu wa umbali huo.

Mfano mkubwa ninaoufahamu ni tovuti ya serikali ya Marekani ya kuuza bima ya afya, HealthCare.gov. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku hiyo ya kwanza watu sita tu ndio waliofanikiwa kukamilisha maombi yao. Kulikuwa na kampuni 55 zenye mikataba. Wakala wa serikali aliyekuwa na jukumu la kuviunganisha vipande vyote hakuwa na mtu mmoja mwenye picha nzima na mamlaka ya kusema simama. Kila kampuni iliweza kuonyesha kwamba kipande chake kiko sawa. Kikosi cha uokoaji kilipoingia baadaye mwezi huo, akiwemo Mikey Dickerson aliyekuwa mhandisi wa Google, walikuta hakuna hata ubao mmoja wa kuonyesha mfumo unaendeleaje muda huo. Walioujenga walikuwa wanasikia habari za mfumo wao kwenye televisheni.

Dickerson aliweka kanuni tatu za vikao. Vikao ni vya kutatua matatizo, si vya kusukumiana lawama. Anayezungumza ni anayejua zaidi kuhusu jambo lenyewe, si mwenye cheo kikubwa. Na tunashughulikia yale yatakayotuumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo. Walikutana mara mbili kila siku. Kufikia mwanzoni mwa Desemba tovuti iliweza kubeba watu 50,000 kwa wakati mmoja, na ilipofika Aprili 2014 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamechagua bima kupitia hapo. Wengi wa wahandisi waliofanya kazi hiyo ni walewale waliokuwapo mfumo ulipoanguka. Kilichobadilika ni nani anasikilizwa.

Kanuni ya pili ndiyo ngumu kwetu. Katika ofisi zetu kijana wa miaka 26 hawezi kumkatisha mkurugenzi mbele ya watu, na mimi mwenyewe nisingependa afanye hivyo. Lakini heshima haidai mkurugenzi asijue. Ziko njia za kuilinda heshima na ukweli kwa pamoja. Mkubwa afungue kikao, aseme wazi kwamba leo anataka kusikia kinachoweza kutuangusha, halafu ampe nafasi kwa jina mtu aliyeandika msimbo, kabla ya meneja wake. Anayepewa nafasi na mkubwa hajamvunjia mtu adabu. Njia nyingine ni maandishi: kila timu ilete, kabla ya kikao, mistari mitatu ya mambo isiyokuwa na uhakika nayo, na asiyekuwa na hata mmoja aeleze kwa nini. Utaona wiki ya kwanza wanaleta vitu vyepesi. Wiki ya tatu, wakishaona aliyesema ukweli hakuchomwa, vinakuja vizito. Na ukimchoma mmoja tu, umefunga mdomo wa kitengo kizima kwa mwaka.

Hapo ndipo suala la lawama linapoingia. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika dakika kama 45. Walikuwa wamepandisha programu mpya kwenye seva nane, moja ikasahaulika, ikabaki na msimbo wa zamani uliokuwa umelala kwa miaka. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kumwaga maagizo ya kununua na kuuza. Ungekuwa mkuu wao, ungemtafuta aliyesahau seva ya nane? Wadhibiti wa soko walipochunguza walikuta hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili ahakikishe kazi ya wa kwanza. Walikuta pia kwamba kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma baruapepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa. Hazikuwa zimepangwa ziwe tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Taarifa ilikuwepo ndani ya nyumba, haikuwa na njia ya kufika kwa mtu wa kuzima mashine.

Kwa hiyo mkipata hitilafu, swali la kwanza liwe ni kitu gani kiliruhusu hili litokee, na jibu liandikwe na walioshiriki, lisomwe na timu zote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu huficha maradhi pale wanapojua kwamba mgonjwa ndiye anayefukuzwa. Naomba nieleweke, maana niko mbele ya mtu wa benki: wizi na kuiba nywila si hitilafu, hayo yana ofisi yake. Nazungumzia mtu aliyefanya kazi yake kwa nia njema akabonyeza pasipobonyezwa.

Nimefika kwenye wikiendi ya Septemba, na hapa nitakaa, kwa sababu kuna benki iliyokwisha kuipitia njia hiyo.

TSB ya Uingereza ilikuwa na wateja milioni 5.2. Ilikuwa imetokana na benki ya Lloyds, ikaendelea kutumia mifumo ya Lloyds kwa malipo, kisha mwaka 2015 ikanunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania. Ikaamuliwa wahamie mfumo mpya uliojengwa na kampuni ya TEHAMA ya Sabadell wenyewe. Wakahama kwa mkupuo mmoja, wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018. Data za wateja zilifika salama. Watu wengi hawajui hilo. Kilichoanguka ni mfumo mpya ulipokutana na watu halisi. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, matawi yakakwama, matapeli wakaingilia mkanganyiko huo, na huduma hazikutulia kabisa hadi Desemba. Gharama ilifika pauni milioni 330. Mkurugenzi mtendaji aliondoka mwaka huohuo. Desemba 2022 wadhibiti waliipiga benki faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata mkuu wa TEHAMA akapigwa faini yake binafsi, pauni 81,620. Huyo alikuwa na kiti kama chako.

Kwa nini yeye? Kwa sababu aliridhika na maneno ya mtoa huduma kwamba yuko tayari, bila kuhakikisha utayari huo kwa kina. Na ripoti ya uchunguzi huru iliyotolewa mwaka 2019 ina mambo mawili ambayo ningeyabandika mlangoni kwako. La kwanza, ratiba ilipangwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: tarehe iliwekwa kwanza, kazi zikabanwa ziingie. La pili, mfumo ulikuwa na vituo viwili vya data, na majaribio ya mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu. Ndiyo maana nilisema hao wakandarasi wako wajenge programu ya kuiga miamala. Jaribio la mzigo usilolifanya kabla, wateja watakufanyia Jumatatu asubuhi.

Nikikaa kwenye kiti chako ningepigania jambo moja kuliko yote: watu wahame kwa awamu. Na una bahati ambayo TSB hawakuwa nayo. Kama nimekuelewa, mnabadilisha njia za simu na mawakala tu, na vitabu vya hesabu vinabaki kwenye mfumo mkuu wa benki. Basi hakuna sababu ya kiufundi ya kuhama wote siku moja. Ombi la mteja linaweza kuelekezwa kwa namba yake ya simu: namba hii mfumo mpya, ile wa zamani, na salio la wote linasomwa palepale. Waanze wafanyakazi wa benki, wanaoweza kupiga simu kulalamika bila kwenda mitandaoni. Wafuate mawakala wa mkoa mmoja, tuseme Morogoro, wapite angalau siku moja ya mshahara. Kisha mikoa mitano. Kila hatua iwe na kipimo kilichoandikwa kabla cha kuendelea, na kilichoandikwa kabla cha kurudi nyuma. Andika kabla, kwa sababu usiku wa kuhama kila mtu ni mtumaini.

Gharama yake ni kuendesha mifumo miwili kwa miezi kadhaa, na kulinganisha miamala ya pande zote kila asubuhi. Watu wa fedha watanuna. Waulize kama wanaona nafuu kuhama mwishoni mwa Septemba, mishahara inapotoka na robo mwaka inafungwa. Sijui nani alichagua wikiendi hiyo, lakini hakuwahi kukaa zamu ya usiku.

Kuhusu watoa huduma nitapita haraka. Benki nyingi za Afrika Mashariki zinaendesha mfumo mkuu ulionunuliwa nje, na si aibu. Hata M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 kwa mfumo uliotengenezwa Uingereza, na seva zake zilikaa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya pamoja na jukwaa jipya. Mwaka huohuo Safaricom wakaanza kuwafungulia watengenezaji wengine viunganishi vyake. Unaweza kununua mfumo. Uwezo wa kuujaribu na kuelewa umeangukia wapi usiununue, uwe nao ndani. Mkataba wako na mtoa huduma useme kwamba mhandisi wako anazungumza na mhandisi wao moja kwa moja. Ukipitia kwa meneja wa akaunti zao, umeongeza tabaka jingine la kupiga pasi.

Vipimo. Bodi itataka namba, na usipowapa za maana watajitafutia: saa za kazi, mistari ya msimbo, idadi ya tiketi, yaani maombi ya kazi, zilizofungwa. Hizo zote watu wako wataziongeza bila mteja kuona tofauti. Kundi la watafiti lililoongozwa na Nicole Forsgren lilichunguza taasisi nyingi, na mwaka 2018 wakatoa vipimo vinne vinavyostahili: mnapandisha matoleo mara ngapi, badiliko linachukua muda gani tangu msimbo uwe tayari hadi limfikie mteja, sehemu gani ya matoleo inaharibu kitu, na mkiharibu mnarudisha huduma baada ya muda gani. Kilichowashangaza wengi ni kwamba kasi na utulivu havikugombana. Waliopandisha mara nyingi, kwa vipande vidogo, ndio pia walioharibu kidogo. Nenda nazo hizo nne, kwa kitengo kizima. Usimpime mtu mmoja mmoja kwazo, zitaoza siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho nje ya Septemba, na hulikuuliza: angalia ngazi za mishahara. Katika benki nyingi mhandisi bora akitaka nyongeza ya maana lazima awe meneja. Hivyo mnampoteza fundi mzuri na kumpata meneja asiyetaka kazi hiyo, kwa hatua moja. Nenda kwa watu wa rasilimali watu na madai ya ngazi mbili zinazolingana kwa malipo, moja ya uongozi na moja ya ufundi. Itachukua mwaka au zaidi. Anza sasa.

Kwa bodi, usiende na hotuba, na usiwaambie Septemba haiwezekani, maana watakusikia kama mtu mwenye hofu. Peleka ukurasa mmoja. Juu yake weka zile kazi kumi, siku za kazi na siku za foleni, bila maneno mengi. Chini yake weka mapendekezo mawili yenye bei. La kwanza ni lao: wateja wote, wikiendi moja, watu 20, na orodha ya mambo ambayo hayajajaribiwa hadi leo. La pili ni lako: wafanyakazi wa benki wahame Septemba hiyohiyo, ili bodi ipate tarehe yake, mkoa mmoja ufuate Oktoba, wengine kwa vipimo. Wengi wataona la pili linawapa kitu cha kutangaza bila kuweka benki nzima rehani.

Ikiwa watalikataa, omba kitu kimoja kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: jina la mtu atakayekuwa na mamlaka, usiku ule, ya kusema "hatuhami," na namba ya simu ambayo mhandisi wa zamu anaweza kumpigia bila kupitia kwa mtu mwingine yeyote.